Usiniambie Zitapanuka

Kuna uwongo wa aina mbili ambao kila mtu wa Nairobi ameshaambiwa. Wa kwanza ni "niko hapo karibu, nipe dakika tano," na mtu bado yuko bafuni anaoga. Wa pili ni huu: "Siste, hii ni ngozi, zivae tu, zitapanuka."

Wa kwanza unakupotezea saa moja. Wa pili ulinipokonya ukucha.

Ilikuwa Julai, ile Julai yetu ya mawingu kutwa nzima, watu wamevaa marvini hadi ndani ya matatu. Nilikuwa nimesota vibaya, halafu nikapata kazi ya siku tatu: kusimama mlangoni kwenye maonyesho fulani Westlands, kutabasamu na kuelekeza wageni. 2,500 kwa siku. Sharti lilikuwa nguo nyeusi na buti nyeusi. Buti sikuwa nazo. Nikaingia eksibisheni moja pale tao, nikaona buti fupi zenye zipu kando, mbele zimechongoka, kisigino chembamba. Kali sana. Mimi huvaa saizi 7. Jamaa alikuwa na 6 peke yake. Nikamwambia zinanibana, naye akanipa huo mstari wake. Nikalipa 2,800.

Ndiyo, hesabu umeipiga vizuri. Nililipa zaidi ya mshahara wa siku nzima ili niende kazini.

Siku ya kwanza, kufikia saa sita mchana sikuwa nahisi vidole. Kufikia saa kumi nilikuwa navihisi vyote, kimoja kimoja. Siku ya pili nikabandika plasta, nikavaa soksi nyembamba, nikameza dawa ya maumivu, nikasimama tena masaa tisa. Siku ya tatu msimamizi alinikuta nimeegemea ukuta, kiatu kimoja nimekivua, akaniambia niende tu nyumbani. Nililipwa nusu. Hawajawahi kuniita tena.

Ukucha wa kidole gumba cha kulia uligeuka zambarau, kisha mweusi, na wiki kadhaa baadaye ukatoka na soksi. Na hizo buti? Hazikupanuka hata kidogo, ju hazikuwa ngozi. Kufikia Oktoba zilikuwa zinabambuka pale zinapokunjika, chini kunaonekana kitambaa cheupe, na soksi zangu zimejaa vipande vyeusi kama masizi.

Lakini siandiki haya kwa sababu ya ukucha. Ukucha ulimea. Naandika kwa sababu ya miguu ya mama.

Sentimita 1.7

Jioni ya ile siku ya tatu nilifika nyumbani nikichechemea. Mama hakuuliza maswali mengi. Alileta karai la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akaliweka mbele ya kochi, nikaingiza miguu. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kumwona akifanya. Aliketi kando yangu, akavua soksi zake, akaingiza miguu yake kwenye karai lilelile.

Mjue kwamba mama hukaa na soksi. Jikoni soksi, kitandani soksi, hata Mombasa kwa harusi ya binamu yangu, na lile joto lote, soksi. Siku zote nilidhani anasikia baridi. Siku hiyo nikaona. Kidole gumba kimelalia cha pili. Kando yake mfupa umetokeza kama kokwa. Kidole cha mwisho kimejikunja kikaingia chini ya mwenzake, na juu yake kuna sugu ngumu ya miaka.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni miguu yangu tu. Iko hivyo. Ni mibaya."

Nikamwuliza polepole, akanieleza. Alifanya kazi ya nyumba kwa familia moja Lavington kwa miaka 11, kuanzia nikiwa mtoto wa kubebwa. Mwajiri wake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkarimu, na kila mara alimpa mama viatu ambavyo amechoka navyo. Viatu vizuri, vya ngozi, pamoja na buti mbili ambazo mama anazisifu hadi leo. Vyote saizi 5.

"Na wewe mwenyewe ni saizi gani?"

"Si hiyo 5."

"Nani alikuambia ni 5?"

Akanyamaza kidogo. "Ndivyo viatu vilikuwa."

Kesho yake nilimsimamisha juu ya karatasi, nikachora mguu kwa kalamu, nikapima kwa rula. Kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu: sentimita 25.5. Mama ni saizi 7, kama mimi.

Sasa fanya hesabu na mimi. Namba za Uingereza, hizi tunazozitumia sana hapa Kenya, zinapandana kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Kutoka 5 hadi 7 ni sentimita 1.7. Chukua rula uangalie 1.7. Najua mguu huongezeka kidogo na umri na uzazi, kwa hivyo toa nusu saizi ukitaka. Bado mama alikuwa anakunja vidole vyake kila siku kwa miaka 11 ili aingie kwenye kiatu cha mtu mwingine. Alitoka navyo steji asubuhi, akasimama navyo jikoni, akapanda navyo ngazi, akarudi navyo. Na miaka hiyo yote aliamini mguu wake ndio ulio na makosa, sio kiatu.

Tulienda kliniki. Daktari alisema mfupa kama huo mara nyingi mtu huurithi, lakini viatu vya kubana huuchochea na kuuumiza zaidi. Viatu vipana haviwezi kuunyoosha, upasuaji tu ndio hufanya hivyo, ila vinaweza kumpunguzia maumivu. Halafu akageuka akaangalia miguu yangu, na kile kidole changu kisicho na ukucha. "Wewe bado una nafasi," akasema.

Shukrani zisifike kwa vidole

Kwetu tumelelewa kwamba aliyepewa hachagui. Ukikataa kiatu ati kinabana, una maringo. Na kizazi chetu kimeongeza lake juu: urembo lazima uume kidogo, si unaona picha imetoka poa? Tunamsema kijakazi wa zamani aliyevaa viatu vya bosi, na sisi wenyewe tunalipa pesa zetu kuteseka vilevile.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muuzaji hatalala kwenye hicho kitanda. Anayekuambia zitapanuka hatasimama nazo masaa tisa. Kwa hivyo siku hizi, kabla sijauliza bei, nauliza mguu wangu kwanza. Na mguu wa kwanza niliotaka kuuliza ulikuwa wa mama.

Gikomba na mama

Tulienda Jumamosi. Hapa kuna utata kidogo: mguu huvimba kadiri siku inavyosonga, kwa hivyo wakati mzuri wa kujaribu viatu ni alasiri au jioni. Lakini Gikomba marobota hufunguliwa alfajiri, na kamera, yaani ile mitumba ya kwanza kuchaguliwa, huisha mapema. Suluhisho letu lilikuwa soksi nene. Ukijaribu buti asubuhi, vaa soksi zile zile utakazozivaa nazo, na ikiwa miguu yako haitoshani, kama ya watu wengi, chagua kwa kufuata ule mkubwa.

Mama akaenda moja kwa moja kwenye buti ndogo nyeusi. Saizi 5, kwa mazoea. Jamaa naye hakuchelewa: "Mathe, hizo chukua, ni ngozi, zitapanuka." Nilicheka hadi akashangaa.

Wacha niseme ukweli ulio ndani ya huo uwongo, ju upo. Ngozi halisi hulegea kidogo kwa upana, pale mguu unapoisukuma. Kwa urefu hairefuki. Kwa hivyo buti ya ngozi ikikukumbatia kwa kando, unaweza kuivumilia wiki mbili. Kidole kikigusa mbele, irudishe mezani. Mbele ya kidole kirefu panatakiwa nafasi kama ya upana wa kidole gumba cha mkono, na ile sehemu pana ya mguu wako ikae kwenye sehemu pana ya buti. Kisigino kikiteleza kidogo sana kwenye buti mpya si mbaya. Kikipanda na kushuka kila hatua, utapata malengelenge.

Halafu kuna ujanja ambao ni wa bure kabisa. Kama kile kipande cha ndani unachokanyaga kinatoka, kitoe, kiweke chini, kisimamie. Mguu ukimwagika nje ya kingo zake, hiyo buti si yako, hata ikiwa namba ni yako. Namba hudanganya, kuna kampuni 7 yake ni kama 6 ya wengine.

Kuhusu ngozi, jamaa alitoa kiberiti cha gesi akaanza kuchoma upande wa buti ili atuonyeshe ni orijino. Nikamwomba aache. Moto wa sekunde moja hauthibitishi chochote, na unaharibu kiatu. Mimi naangalia pale ngozi imekatwa, juu ya buti au kwenye ulimi. Ngozi ina nyuzinyuzi zilizoshikana kama uyoga ukiupasua. Bandia inaonyesha ngozi nyembamba ya plastiki iliyogandishwa juu ya kitambaa. Bonyeza kwa kidole: ngozi hukunjamana kwa mistari midogo isiyofanana, bandia huzama tu. Nusa pia. Harufu ya plastiki haijifichi.

Na kwa sababu baadhi ya mitumba inatoka Ulaya, tafuta vile vichoro vidogo ndani ya kiatu au chini ya soli. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1994 inataka viatu vionyeshe vimetengenezwa kwa nini: sehemu ya juu, bitana ya ndani, na soli. Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa ni ngozi. Umbo hilo likiwa na almasi ndani yake ni ngozi iliyopakwa tabaka juu. Almasi peke yake ni vitu vingine, yaani plastiki na jamii yake. Wavu ni kitambaa. Mwenzangu, hivyo vichoro vimeniokoa kuliko maneno ya wauzaji wote. Ule muhuri wa "genuine leather" nao usikutishe: unamaanisha tu kuna ngozi, hausemi ni ya tabaka lipi wala ubora gani.

Kisha ikunje. Buti nzuri hukunjika pale vidole hukunjika, sio katikati ya unyayo. Kisigino kiwe kipana, cha sentimita tatu hivi au nne, sio kijiti. Na kwa mitumba, finya soli kwa nguvu na uibonyeze kwa ukucha. Kuna soli za poliurethani ambazo zikikaa sana kwenye stoo zinaoza kwa unyevu wa hewa hata kama hazijavaliwa. Kwa macho ziko sawa, ukizivaa siku mbili zinamomonyoka kama keki. Rafiki yangu aliachwa na soli Kencom, katikati ya watu.

Tukapata za kahawia, namba 41 ya Ulaya, zimefika juu kidogo ya kifundo, zipu kando, mbele duara. Mama akakataa hata kuzigusa. "Hizo ni kubwa. Nitaonekana nina miguu ya mwanaume."

"Mama, jaribu tu."

"Wewe msichana, nimekuambia mimi ni 5."

Hapo ndipo nilielewa kwamba sikuwa nabishana juu ya kiatu. Nilikuwa namwambia kwamba ule uchungu wote haukuwa lazima, na hilo si jambo rahisi kumwambia mtu. Nikanyamaza. Jamaa akamletea stuli, mama akaketi, akavaa moja, akavaa ya pili, akavuta zipu. Akasimama. Akatembea hadi kwa mama wa chai pale mbele, akageuka, akarudi. Akasimama tena akiangalia chini.

"Vidole vyangu vimelala," akasema.

Sikujua nijibu nini. Jamaa alikuwa ameanza na 3,500, tukashikana hadi 2,200. Ndiyo, ziligharimu chini ya ile plastiki yangu.

Tulijua haya tukiwa watoto

Sasa, kununua ni nusu. Na hapa hatuna kisingizio, kwa sababu kizazi chetu kilijua kutunza ngozi kikiwa darasa la tatu. Unakumbuka Jumapili jioni? Toughees za Bata juu ya gazeti, burashi, mkebe wa Kiwi, na mzazi akisema hakuna kulala kabla viatu ving'ae. Kiwi yenyewe ilianzia Australia mwaka 1906, na hapa kwetu jina likageuka kuwa la kila rangi ya viatu. Tulimaliza shule tukasahau kila kitu, sasa tunashangaa buti zinapasuka baada ya miezi sita.

Adui wa kwanza wa ngozi ni maji, na wa pili ni haraka ya kuyakausha. Ukinyeshewa, usiweke buti kando ya jiko, usizianike juani, usiziweke nyuma ya friji. Joto kali hukausha ngozi hadi inapasuka. Futa matope kwa kitambaa chenye unyevu, jaza gazeti ndani, zilaze kando mahali penye hewa, badilisha gazeti likilowa. Huenda zikachukua siku mbili. Ndiyo maana ni vizuri usivae buti zilezile kila siku. Jasho la mguu pia ni maji, na linahitaji muda wa kutoka.

Zikikauka, piga burashi kwanza, kila wakati. Ukipaka rangi juu ya vumbi unasugua mchanga ndani ya ngozi. Kisha krimu au Kiwi kidogo kwa kitambaa laini, isubiri dakika kumi, piga burashi hadi ing'ae. Pitisha na pale soli inaposhikana na ngozi, na ndani ya mikunjo, ju hapo ndipo hupasuka kwanza. Kwa buti za kuvaliwa sana, mara moja kwa wiki au wiki mbili inatosha. Mvua ikianza Machi, ongeza.

Ile sponji ya dakika moja inayouzwa barabarani? Inang'arisha, hailishi ngozi. Itumie ukiwa na intavyuu, usiifanye chakula. Mafuta ya kula usijaribu kabisa, yanachacha na kunuka. Mafuta ya kukamulia najua nyumba nyingi yanatumika kwa kila kitu, kuanzia midomo hadi viatu. Yatang'aa asubuhi, kufikia saa nne yamekusanya vumbi lote la barabara. Na kama buti ni za swedi, usiguse mafuta wala Kiwi. Hizo ni burashi kavu tu.

Julai ukizitoa chini ya kitanda ukute ukungu mweupe, usilie. Zipeleke nje, zifute kwa kitambaa chenye siki na maji nusu kwa nusu, zikauke kivulini, kisha zipake krimu. Na usizihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, ndiyo ilileta huo ukungu. Gunia la kitambaa au foronya ya zamani inatosha.

Cha mwisho, fanya urafiki na fundi kabla hujamhitaji. Wetu yuko karibu na steji, ana mwavuli na redio. Mama alipompelekea zile za kahawia alizigeuzageuza akasema, "Hizi shona soli mapema, mama, usingoje gundi iachie." Akazishona kuzunguka kote na kumbadilishia mpira wa kisigino. Kisigino kikianza kulika upande mmoja, kibadilishe mara moja. Ukichelewa unakanyaga kiatu chenyewe, na goti na mgongo vinalipa.

Jumapili jioni

Mimi pia nilinunua zangu, nyeusi, saizi 7, mbele duara. Sio kali kama zile za eksibisheni. Kwenye picha hazionekani sana. Lakini nimesimama nazo kazi nne tangu hapo na sijawahi kuegemea ukuta.

Mfupa wa mama haujarudi na hautarudi. Bado anavaa soksi akilala. Bado akipita dukani mkono wake unaenda kwenye 5, kisha anajikamata. Lakini Jumapili jioni anatandaza gazeti sebuleni, ananiita nilete burashi, na tunapaka buti zetu pamoja, zake kahawia, zangu nyeusi. Namba moja. Juzi aliniambia kwamba sasa anatembea hadi kanisani bila kuhesabu mahali pa kupumzika. Sikujua kwamba alikuwa anahesabu.

Kwa hivyo leo ukifika nyumbani, chukua karatasi, kalamu na rula. Anza na mguu wako. Halafu mwite mama yako, au shosho, au yeyote aliyekulea, umwombe avue soksi, umpime. Umwulize ni nani alimwambia saizi yake.